Kompyuta inaposoma mawimbi ya ubongo, mgonjwa wa kifafa Rungwe anafaidika nini?

Msomaji wangu, chukua mfano huu. Vyuo vimefunga. Kijana wako anayesomea kompyuta pale Mbeya amekuja kuwasalimia Tukuyu kabla hajaanza mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wanavyoiita wenyewe. Jioni mvua inapiga bati, ndizi ziko jikoni, na wewe unamuuliza mwaka huu amepangiwa wapi.

Anakujibu kwamba safari hii atakuwa kwenye kazi ya utafiti. Yeye na wenzake wataifundisha kompyuta kusoma mawimbi ya umeme wa ubongo, ili iweze kutambua dalili za kifafa.

Unanyamaza kidogo. Unamkumbuka mtoto wa jirani aliyeacha shule kwa sababu huanguka darasani, na ana kovu mkononi tangu siku alipoangukia mafiga. Unamuuliza: “Sasa mwanangu, hiyo kompyuta yenu itamsaidia mtoto wa hapo jirani?”

Hilo ndilo swali la kuulizwa mtafiti yeyote, awe profesa au mwanafunzi wa mwaka wa pili. Leo nitalijibu kwa urefu, kwa faida ya mzazi mwenye mgonjwa nyumbani na kwa faida ya kijana anayeingia fildi.

Kifafa na mazingira ya Rungwe

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukilipuka ghafla bila mpangilio, mtu hupata tukio la kifafa. Anaweza kuanguka na kukakamaa, kutetemeka mkono mmoja tu, au kukodoa macho kwa sekunde chache kama aliyepotelewa na mawazo.

Kwa kawaida daktari husema mtu ana kifafa pale anapopata matukio mawili au zaidi yasiyochochewa na jambo la muda mfupi, kama homa kali au sukari kushuka, na yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24. Degedege la mtoto mwenye malaria, kwa mfano, peke yake haliitwi kifafa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi za kipato cha chini, watatu kati ya kila wanne hawapati tiba wanayoihitaji.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, kuna sababu mbili za kuwa macho zaidi.

Ya kwanza ni tegu wa nguruwe. Ufugaji wa nguruwe ni sehemu ya maisha yetu, na kitimoto kina wapenzi wengi. Mayai ya tegu yakiingia tumboni kwa chakula, maji au mikono yenye uchafu wa kinyesi cha mtu mwenye tegu, viluwiluwi vyake huweza kusafiri na kujenga vifuko ndani ya ubongo. WHO inasema katika maeneo mengi ambako watu na nguruwe wanaozurura wanaishi pamoja, tegu huyu anahusika na takribani asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa.

Ya pili ni usubi. Tukuyu inajulikana kwa wataalamu kama moja ya maeneo ya ugonjwa wa usubi nchini. Inzi wadogo weusi wanaousambaza huzaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi, na sisi tunayo Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Miaka ya kugawa dawa ya ivermektini kijiji kwa kijiji imeshusha sana maambukizi.

Tafiti, zikiwamo za Mahenge mkoani Morogoro, zimeonyesha kuwa kifafa huwapata watu wengi zaidi katika maeneo yenye usubi mkali. Namna mdudu huyo anavyosababisha kifafa bado inachunguzwa. Mahenge ndiko daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikoanzisha kliniki ya kifafa zaidi ya miaka 60 iliyopita, baada ya kuona wagonjwa wakitengwa na jamii zao.

Kipimo chenyewe kikoje

Mwaka 1924, daktari wa Kijerumani aitwaye Hans Berger alifanikiwa kwa mara ya kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kutoka nje ya kichwa. Alichapisha matokeo yake mwaka 1929. Kipimo hicho leo tunakiita EEG.

Mgonjwa hubandikwa vipande vidogo vya chuma, viitwavyo elektrodi, kwenye ngozi ya kichwa. Kwa kawaida huwa karibu 20, na kila kimoja kina mahali pake maalumu. Waya hupeleka umeme huo kwenye mashine, nayo huuchora kama mistari inayopanda na kushuka. Kipimo hakiumi, hakichomi wala hakipeleki umeme kichwani. Kinasikiliza tu.

Umeme wenyewe ni mdogo ajabu. Hupimwa kwa sehemu za milioni moja ya volti. Ukifumba macho na kutulia, sehemu ya nyuma ya kichwa hutoa mawimbi yapatayo 8 hadi 13 kwa sekunde. Mwenye kifafa anaweza kuonyesha miiba, yaani mistari inayochomoza ghafla na kushuka, hata wakati ambao haanguki.

Kipimo cha kawaida huchukua dakika 20 hadi 30. Mtaalamu huipitia mistari hiyo ukurasa kwa ukurasa. Tatizo ni kwamba mashine nyingi ziko katika hospitali kubwa, na wenye ujuzi wa kuisoma ni wachache kuliko wagonjwa.

Jambo moja ulishike: EEG ya mara moja hukosa dalili kwa karibu nusu ya wenye kifafa, kwa sababu miiba haitokei kila dakika. Majibu yakisema “kawaida”, hayamaanishi kwamba mtoto hana kifafa.

Kompyuta inafundishwaje

Hapa ndipo kijana wako anapoingia. Mashine ikichukua vipimo 256 kwa sekunde kutoka elektrodi 20, kwa dakika 30 inakusanya namba zaidi ya milioni tisa kwa mgonjwa mmoja. Kompyuta haichoki kuhesabu. Kinachohitajika ni kuifundisha nini cha kutafuta.

Haifundishwi kwa kuandikiwa kanuni moja moja. Inapewa mifano mingi: hii ni sehemu yenye tukio la kifafa, hii haina, hii ni mtu aliyepepesa macho tu. Baada ya mifano ya kutosha, inajitafutia tofauti. Ndiyo maana wataalamu wanauita ujuzi huu kujifunza kwa mashine, nao ni tawi la akili mnemba.

Mifano maarufu zaidi wanayoanzia wanafunzi duniani kote ilitokana na kazi ya mwanafunzi mwenzao. Ali Shoeb, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT cha Marekani, alitumia rekodi za watoto na vijana 22 wa hospitali ya watoto ya Boston waliokuwa na kifafa sugu. Alimaliza mwaka 2009. Rekodi hizo ziliondolewa majina na kuwekwa wazi, kwa hiyo mwanafunzi aliye Mbeya mwenye kompyuta mpakato na bando anaweza kuzipakua bila malipo.

Kwa hiyo wiki za mwanzo za fildi ya namna hii hazina maajabu. Kijana hupakua rekodi, husafisha kelele, huzikata vipande vya sekunde chache, huangalia alama walizoweka madaktari, kisha huandika programu ya kujaribu kutenganisha vipande vyenye kifafa na visivyo nacho. Baada ya wiki mbili tatu anakuja na furaha: “Modeli yangu inapata asilimia 99!”

Msimamizi mwema hapo hampigii makofi kwanza. Anamuuliza maswali manne.

Maswali manne kwa kijana wa fildi

Swali la kwanza: uliipimaje? Kijana akichanganya vipande vya wagonjwa wote, akavitumia vingine kufundishia na vingine kupimia, mgonjwa mmoja anaonekana pande zote mbili. Ni sawa na mwalimu kutoa mtihani wenye maswali yaleyale ya mazoezi. Wanafunzi watafaulu, lakini hujui kama wameelewa. Kipimo cha haki ni kuijaribu kompyuta kwa mgonjwa ambaye haijawahi kumwona hata mara moja.

Swali la pili: asilimia 99 ya nini? Hata mwenye kifafa kikali, matukio yake yanachukua dakika chache kati ya saa nyingi za rekodi. Kompyuta inayojibu “hakuna” kila wakati itakuwa sahihi karibu muda wote, na haitamsaidia mgonjwa hata mmoja. Ni lazima iulizwe: kati ya matukio halisi, umeyaona mangapi? Na kati ya mara ulizopiga kengele, ni ngapi zilikuwa za uongo?

Swali la tatu: mifano yako inafanana na watu wetu? Umeme wa gridi Marekani hutetema mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50, na mtetemo huo huingia kwenye rekodi kama kelele. Programu iliyozoea kuchuja kelele ya Boston inaweza kubabaishwa na ya Makandana. Vilevile, watoto wa Boston hawakuchaguliwa kwa sababu ya tegu wala usubi.

Hata nywele ni suala. Elektrodi zilibuniwa kwa kichwa chenye nywele laini. Kwenye nywele zetu za kipilipili, hasa zikiwa nyingi au zimesukwa, hazigusi ngozi vizuri na rekodi hujaa kelele. Aliyeshughulikia jambo hili alikuwa mwanafunzi. Arnelle Etienne, akiwa bado shahada ya kwanza katika chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani, alishirikiana na walimu wake kubuni vibanio vinavyoshika elektrodi katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, mtindo ambao kwetu tungeuita twende kilioni. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2020.

Somo hapo ni kubwa. Hakuhitaji kompyuta yenye nguvu kuliko za wengine. Aliona kitu ambacho waliomtangulia hawakukiona, kwa sababu alizijua nywele hizo.

Swali la nne: nini kitatokea kijijini? Hili ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa hiyo tulipigie hesabu.

Hesabu ya kijiji kimoja

Tuseme kijiji kina watu 1,000, na kati yao 10 wana kifafa. Tuseme pia kijana ameleta kifaa kizuri: kinawatambua wagonjwa kwa asilimia 90, na kinawaacha wazima kwa asilimia 90. Ukisikia hivyo utasema kifaa kimefaulu.

Sasa tukipime kijiji kizima. Kati ya wagonjwa 10, kitawaona tisa. Kati ya wazima 990, kitawakosea asilimia 10, yaani watu 99. Jumla walioambiwa “una dalili ya kifafa” ni 108, na wenye kifafa kweli ni tisa tu.

Msomaji, wewe unajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Binti akishaitwa mwenye kifafa, posa zinaweza kukauka. Mtoto hutengewa kikombe na sahani, kwa imani isiyo ya kweli kwamba povu linaambukiza. Mwalimu anaogopa kukaa naye. Watu 99 kubandikwa jina hilo kwa kosa la hesabu ni madhara ya kiafya, hata kama hakuna aliyemeza kidonge.

Ndiyo maana vifaa vya aina hii havipaswi kutumika kupekua watu wote. Mahali pake ni kwa mtu ambaye tayari ana historia ya kuanguka, na mwenye kusema neno la mwisho ni mtaalamu wa afya.

Dunia imefika wapi

Nisieleweke vibaya. Teknolojia hii inasonga mbele. Mwaka 2023, watafiti wa Ulaya walitangaza mfumo uitwao SCORE-AI, uliofundishwa kwa rekodi za EEG zaidi ya 30,000. Katika majaribio yao, ulisoma rekodi za kawaida kwa kiwango kinacholingana na cha wataalamu. Kwa hospitali yenye mashine lakini isiyo na msomaji, hiyo ni habari njema.

Lakini angalia pia upande wa pili. Nchini Bhutan, nchi ya milima yenye madaktari bingwa wachache, watafiti walijaribu EEG ndogo inayounganishwa na simu kwa watu 205. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kifaa kilipoonyesha miiba, mara nyingi ilikuwa kweli. Lakini kati ya kila watu 10 ambao mashine ya kawaida iliwaonyesha miiba, kile cha simu kilionyesha kwa wanne tu. Kinafaa kuthibitisha, hakifai kumwambia mtu kwamba hana ugonjwa.

Katika bara letu, watafiti walipeleka kofia nyepesi yenye elektrodi 14 vijijini Guinea-Bissau na Nigeria, wakaweka rekodi hizo wazi kwa wengine kujifunzia. Ningekuwa msimamizi wa fildi, ningempa kijana rekodi hizo mara tu anapomaliza za Boston, aone modeli yake inavyoyumba.

Habari iliyonifurahisha zaidi haina waya hata mmoja. Mwaka 2023, jarida la The Lancet Digital Health lilichapisha kazi ya watafiti waliotumia takwimu za utafiti mkubwa wa kifafa uliofanyika katika vituo vitano vya Afrika, vikiwamo Ifakara hapa nchini, Kilifi nchini Kenya na Iganga nchini Uganda. Walitaka kujua ni maswali gani machache, yakiulizwa na mhudumu wa afya asiye bingwa, yanatosha kumtambua mwenye kifafa cha kuanguka. Kompyuta ilifundishwa kwa majibu ya wagonjwa na ndugu zao.

Ukitafakari, hilo linafanana na ninavyofanya kazi kliniki. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa simulizi: alianza vipi, macho yalikuwaje, aling'ata ulimi, alijikojolea, ilichukua muda gani, alipoamka alijua yuko wapi? EEG huja kusaidia simulizi hiyo.

Kijana wa Rungwe afanye nini

Kwa kijana wa fildi, ushauri wangu ni huu. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, omba ukae kliniki ya kifafa siku moja na msimamizi wako wa tiba. Sikiliza. Utaona mgonjwa mmoja amesafiri saa tatu, na tatizo lake ni dawa kuisha. Hapo utajua modeli yako inatakiwa kujibu swali gani.

Jifunze kuweka alama kwenye rekodi pamoja na mtaalamu, hata kama ni kazi ya kuchosha. Kupepesa macho, kutafuna, kutokwa jasho na waya uliolegea vyote huchora mistari inayofanana na ugonjwa. Asiyevijua ataifundisha kompyuta makosa yake mwenyewe.

Ukikosa matokeo mazuri, yaandike vilevile. Modeli iliyopata asilimia 70 kwa kipimo cha haki ina faida kuliko ya asilimia 99 iliyoibia mtihani.

Na usiguse rekodi za wagonjwa wetu bila kibali. Utafiti wa afya nchini unahitaji idhini ya kimaadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), yenye kituo hapa Tukuyu, ndiyo inayosimamia jambo hilo kitaifa. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mawimbi ya ubongo wa mtu ni taarifa zake binafsi. Hayatumwi kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Wewe mzazi nawe una haki. Mtu akija kumpima mwanao kwa ajili ya utafiti, muulize kibali kiko wapi, rekodi itatunzwa wapi, utapewa majibu au la, na ukikataa mtoto ataendelea kutibiwa? Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo.

Mtoto wa jirani afanye nini leo

Tumrudie yule mtoto wa hapo jirani. Yeye hahitaji kusubiri kompyuta. Kliniki nyingi huanza tiba ya kifafa bila EEG, kwa kutegemea maelezo na uchunguzi wa mtaalamu.

Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ukifuatana na mtu aliyemwona anavyoanguka. Kama kuna aliyeshika simu, arekodi tukio moja kwa video, mradi mwingine awe anamhudumia mgonjwa. Video hiyo mpe daktari peke yake. Sekunde 30 za video zinaweza kunieleza zaidi ya kurasa nyingi za mistari.

Katika hospitali zetu nyingi, wenye kifafa hupokelewa kliniki ya afya ya akili. Jina hilo lisikutishe. Mtoto hana wazimu, ni mpangilio wa huduma tu.

Dawa zipo, na baadhi kama fenobabito ni za bei nafuu. Zinamezwa kila siku, wakati uleule. Usiziache kwa sababu mtoto amekaa miezi miwili bila kuanguka, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa degedege unaoua. Binti au mama aliye katika umri wa kuzaa amweleze daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Akianguka, ondoa vitu vya hatari karibu yake, mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni na angalia saa. Usimwekee kijiko wala kitambaa mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimnusishe kiatu wala kiberiti. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mwahishe hospitali.

Nyumbani, mafiga yainuliwe au yawekewe kizuizi, na asiachwe peke yake karibu na moto au mtoni. Arudi shule, na mwalimu afundishwe hizi hatua za huduma ya kwanza.

Kwa ajili ya wale ambao hawajaugua: fungia nguruwe bandani, jenga na tumia choo, nawa mikono kwa sabuni, osha mboga na matunda vizuri, na pika kitimoto hadi kiive ndani. Wagawa dawa za usubi wakipita kijijini kwenu, meza kulingana na maelekezo yao.

Sasa unaweza kumjibu kijana wako pale jikoni. Kompyuta yake inaweza kumsaidia mtoto wa jirani siku moja, ikifundishwa kwa haki na kwa rekodi zinazofanana na watu wetu. Kwa leo, kesho asubuhi kabla hajapanda gari la Mbeya, mwambie amsindikize mtoto huyo na mama yake hadi Makandana. Hiyo iwe siku yake ya kwanza ya fildi.